Nilivyoshughulikia Malalamiko ya Wakulima wa Korosho Kijijini Kwetu

Mwezi Januari, siku chache baada ya malipo ya mnada kuingia benki, mkutano wa chama chetu cha msingi cha ushirika ulivunjika kabla ya kufika ajenda ya pili. Mkulima mmoja alisimama akiwa na stakabadhi tatu mkononi, akamwita karani wa mizani mwizi mbele ya watu wote, na karani, kijana niliyemfundisha darasa la nne, akatoka nje bila kujibu neno. Nilikuwa nimestaafu ualimu mwaka uliotangulia na nilikuwa na ekari tano za mikorosho katika kijiji hicho cha wilaya ya Tandahimba, mkoani Mtwara. Mkutano uliporudiwa juma lililofuata, wanachama walinichagua niwe mpokea malalamiko wa chama. "Mwalimu," mzee mmoja aliniambia, "wewe huna deni kwa bodi wala kwetu sisi. Tusikilize."

Niliomba mambo mawili kabla ya kukubali: nisipokee posho yoyote kutoka kwa bodi, na niruhusiwe kuona daftari lolote la chama bila kuomba kibali kila mara. Mkutano ulikubali yote mawili na katibu akayaandika kwenye muhtasari. Muhtasari huo niliuhitaji zaidi ya mara moja katika misimu mitatu niliyofanya kazi hiyo.

Sikutaka kuanza kwa kubahatisha. Marehemu baba alizoea kutusimulia habari za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo ilianza kazi mwaka 1966 wakati wa Mwalimu Nyerere, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Chifu Erasto Mang'enya, na ambayo ilikuwa ikizunguka mikoani kusikiliza wananchi waliodhulumiwa na watumishi wa Serikali na wa chama tawala. Ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Chimbuko la wazo lenyewe ni Uswidi, ambako mwaka 1809 Bunge lilipewa mamlaka ya kumteua mtu wa kusimamia watumishi wa umma wafuate sheria, wakamwita ombudsman, yaani mwakilishi. Hapa kwetu kazi hiyo sasa iko mikononi mwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 kuchukua nafasi ya ile ya zamani, na bahati nzuri kwa watu wa kusini ni kwamba Tume hiyo imeweka ofisi Lindi.

Nilipanda basi hadi Mtwara, nikalala kwa mdogo wangu, na asubuhi nikaendelea hadi Lindi kupitia Mingoyo. Sikuwa na lalamiko. Nilikwenda kuomba maelekezo, na afisa aliyenipokea hakuona ajabu kwamba mwalimu mstaafu amesafiri umbali huo kuuliza namna ya kusikiliza watu. Alinieleza kwamba mtu anaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na kwamba halipi chochote. Anatakiwa kwanza awe ameifikia ofisi anayoilalamikia na kuipa nafasi ya kujibu. Jambo lililoko mahakamani Tume hailigusi. Uchunguzi ukikamilika, Tume haitoi hukumu kama hakimu. Inatoa mapendekezo pamoja na sababu zake, na mlalamikaji anajulishwa matokeo hata kama hayakumpendeza. Kuhusu ushirika alinikumbusha kwamba migogoro ina njia yake chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, kwa afisa ushirika wa wilaya na hatimaye kwa Mrajis, yaani msajili wa vyama hivyo, hivyo nisijifanye mamlaka ambayo sheria haikunipa. Ushauri huo ulinisaidia, kwa sababu tayari baadhi ya wanachama walitarajia nimfukuze karani kazi.

Niliporudi nilinunua daftari kubwa la kaunta na kulichora safu: tarehe, namba ya uanachama, namba ya stakabadhi, siku ya kupima, kilo, maelezo ya mlalamikaji, maelezo ya upande wa pili, na safu ya mwisho yenye maneno "Anataka nini kifanyike". Meza yangu niliiweka chini ya mkorosho ulio karibu na uwanja wa shule, mbali na ofisi ya chama, kwa sababu niliona kwamba mtu anayepita mlangoni mwa meneja ili kumlalamikia meneja atakuwa ameshapunguza nusu ya maneno yake kabla ya kukaa. Nilikaa hapo Jumatatu na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri.

Ile safu ya mwisho ndiyo iliyobadilisha kazi yote. Nilidhani wengi watajaza kwamba wanataka fedha. Lakini katika juma la kwanza, kati ya watu 14 waliofika, 9 walitaka kwanza waelezwe kwa nini walilipwa kiasi walicholipwa. Hakuna aliyekuwa amewaeleza. Walikuwa wamekwenda ofisini wakaambiwa "ndivyo ilivyotoka benki," wakarudi nyumbani na hasira.

Bibi mmoja, mjane, ndiye ninayemkumbuka zaidi katika kundi hilo. Alifungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi mbili zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kiganja cha mtoto, akazinyoosha mezani kwa upande wa mkono wake. Moja ilikuwa ya kilo 268 na nyingine ya kilo 144, zilizopimwa siku kumi baadaye. "Mwanangu," aliniambia, "korosho ni zilezile, mti ni uleule, nimeanua mwenyewe. Kwa nini hizi zimelipwa vizuri na hizi zimelipwa vibaya?"

Jibu lilikuwa kwenye mfumo wenyewe. Tangu stakabadhi ghalani ilipoanza kutumika kwenye korosho hapa Mtwara, msimu wa 2007/2008, mkulima hauzi moja kwa moja kwa mnunuzi. Anapima chamani na kupewa stakabadhi, mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu na kuunganishwa na wa wengine, kisha unaingizwa mnadani ambako wanunuzi wanashindana kwa bei na wakulima wanaamua kuikubali au kuikataa. Mnunuzi akishalipa, makato yaliyomo kwenye mjengeko wa bei, yaani gharama na ushuru, yanaondolewa, na kinachobaki ndicho kinachoingia kwenye akaunti ya mkulima. Kilo 268 za bibi ziliwahi mnada mmoja. Kilo 144 zilichelewa gari na kuuzwa katika mnada uliofuata, ambapo bei ilikuwa imeshuka. Nilimtafutia matangazo ya minada yote miwili, nikapiga hesabu mbele yake mstari kwa mstari, na hesabu ikaja sawasawa na kilichoingia benki. Lalamiko lake kuhusu bei halikuwa na msingi, nami nilimwambia hivyo waziwazi, kisha nikamwandikia kwenye karatasi ili mjukuu wake amsomee. Aliipokea, akauliza maswali mawili yenye akili kuhusu ushuru, akaondoka ametulia.

Naandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanadhani kusikiliza malalamiko kwa haki maana yake ni kumpa ushindi mlalamikaji. Kama ningemwonea huruma bibi yule, nikamshinikiza meneja amwongeze chochote ili anyamaze, fedha hiyo ingetoka kwa wanachama wengine ambao hawakuwepo mezani kujitetea. Mpokea malalamiko si wakili wa anayelia, wala si ngao ya ofisi, na siku atakapoegemea upande mmoja, hata kwa nia njema, upande wa pili utaacha kumpa madaftari.

Suala la mizani lilikuwa gumu zaidi. Kufikia mwisho wa Februari nilikuwa na malalamiko 31 ya kupunjwa uzito. Baadhi ya walalamikaji walikuwa wamepima nyumbani kwa mizani ya duka kabla ya kuleta mzigo, wengine walikuwa wakihesabu kwa debe, na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba karani alikuwa akiiba. Usiku mmoja nilikaa na taa, nikayapanga malalamiko yote kwa siku ya kupima badala ya jina la mlalamikaji. Malalamiko 23 kati ya hayo 31 yalitoka katika siku tisa tu zilizofuatana.

Nilimwita karani. Hakuwa ameulizwa na mtu yeyote tangu siku ile ya mkutano. Alikuwa ametukanwa tu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, siku hizo mvua ilikuwa inanyesha. Tuliingiza mizani ndani." Kwa kawaida mizani ya chama hukaa barazani, penye sakafu nzuri. Mvua za mwanzo zilipoanza waliihamishia chumba cha ndani ambacho sakafu yake ina ufa, na mvua zilipopungua wakairudisha barazani.

Siku iliyofuata nilimwomba mwenyekiti wa bodi, wajumbe wawili wa kamati ya usimamizi, karani mwenyewe na walalamikaji watatu waje ghalani. Tulinunua mifuko mitatu mipya ya saruji, kila mmoja wa kilo 50, tukaipima kwanza barazani, na yote ikasoma 50. Kisha tukaiingiza mizani ndani na kuiweka pale karani alipoonyesha. Mguu mmoja ulizama kwenye ufa kiasi cha upana wa kidole. Mfuko ulipowekwa pembe ya kulia ulisoma 50. Mfuko uleule ulipowekwa pembe ya kushoto, upande wa ule mguu, ulisoma 48.7. Tukabadilisha mifuko, matokeo yakawa yaleyale. Hakuna aliyesema neno kwa dakika kadhaa. Yule mkulima aliyemwita karani mwizi alikuwa mmoja wa wale watatu, naye alivua kofia yake.

Hata hivyo saruji si ushahidi wa kutosha, na mimi si mtaalamu wa vipimo, kwa hiyo chama kiliandika barua kwa Wakala wa Vipimo, na ofisa wao alikuja na mawe ya mizani akathibitisha kwamba mashine ni nzima na kosa lilikuwa la mahali ilipowekwa. Hapo ndipo swali la pili lilipoanza, nalo lilikuwa zito kuliko la kwanza: kwa kuwa hakuna aliyejua gunia lipi liliwekwa pembe ipi, nani alipwe nini?

Jibu nililipata kwenye makaratasi ya ghala kuu. Jumla ya stakabadhi za wakulima kwa siku zile tisa ilikuwa kilo 41,380. Mzigo huohuo ulipopimwa ghala kuu ulikuwa kilo 41,991. Tofauti ya kilo 611 ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vya chama kama "ziada", na fedha zake zilikuwa zimeingia kwenye akaunti ya chama bila mtu kujiuliza korosho zinawezaje kunenepa zikiwa njiani. Niliandika pendekezo kwamba fedha hizo zigawanywe kwa wakulima 137 waliopima katika siku hizo, kila mmoja kwa kadiri ya kilo zake, yaani karibu kilo moja na nusu kwa kila kilo 100.

Bodi ilikataa. Ni haki nieleze hoja yao kama walivyoieleza, kwa sababu haikuwa hoja ya kipuuzi: msimu uliotangulia mzigo ulipungua kwa unyaufu, yaani ulikauka na kupoteza uzito, baada ya kukaa muda mrefu chamani ukisubiri magari, na chama kilibeba hasara hiyo chenyewe bila kumkata mkulima hata shilingi. Kwa maoni yao, ziada ya mwaka huu ilikuwa ikifidia upungufu wa mwaka jana. Niliwajibu kwa maandishi kwamba unyaufu ulikuwa hasara ya wanachama wote na ulistahili kubebwa na wote, lakini kilo 611 hizi zilitoka kwenye magunia ya watu 137 wanaojulikana kwa majina, na hatuwezi kuwatoza watu hao peke yao deni la kijiji kizima. Niliambatanisha majibu yao yote bila kuyafupisha.

Sikuwa na uwezo wa kuwalazimisha, na sikujaribu. Nilikumbuka habari za wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliohamishwa kwa nguvu mwaka 2001: Tume ilichunguza na kupendekeza walipwe fidia, Serikali haikukubaliana nayo, na shauri likalazimika kufika hadi Mahakama ya Rufani. Ikiwa pendekezo la chombo cha kitaifa linaweza kukataliwa, la mwalimu mstaafu chini ya mkorosho lisingepona kwa jeuri. Lililobaki ni kuliweka mbele ya wenye chama. Katika mkutano mkuu uliofuata nilisoma pendekezo langu, kisha nikasoma majibu ya bodi kwa sauti ileile, nikaketi. Mjadala uliendelea hadi karibu saa tisa alasiri. Wanachama walikubali mgawanyo, na pia waliamua chama kitenge akiba ya kufidia unyaufu kila msimu, jambo ambalo mimi sikulifikiria na ambalo lilitokana na hoja ya bodi.

Yule bibi alipata karibu kilo 4, kwa sababu kilo zake 268 zilipimwa ndani ya siku zile tisa. Alikuja mezani kwangu akitaka naye aonyeshwe hesabu hiyo kwenye karatasi, nami nikamwandikia.

Yapo malalamiko niliyoyakataa tangu mwanzo. Mtu mmoja aliyenunua korosho kwa kangomba, yaani kwa bakuli nje ya mfumo wa chama, mwezi wa Machi, wakati wakulima wana njaa na bakuli moja linakwenda kwa bei ya kusikitisha, alikuja kulalamika kwamba mkulima aliyepokea malipo kwa niaba yake amekataa kumkabidhi fedha. Nilimwambia kwamba biashara hiyo imekatazwa na siwezi kuitumia ofisi ya wanachama kukusanya mapato yake. Jingine lilikuwa tayari mahakamani, nikalirudisha. La mtoto wa dada yangu, aliyedai hakupewa salfa, dawa ya mikorosho, aliyoandikishiwa, nililipeleka kwa kamati ya usimamizi siku hiyohiyo bila kulisikiliza. Dada yangu hakunisemesha kwa mwezi mzima, na lilinikera sana, lakini sikuona njia nyingine. Hata kama ningemwamulia kwa haki tupu, nani kijijini angeamini?

Tulikuwa pia na wanaume wawili wenye majina matatu yanayofanana kabisa. Ofisi ilikosea namba ya akaunti, na malipo ya mmoja yakaingia kwa mwingine, ambaye kabla kosa halijagunduliwa alikuwa ameshanunua bati na kuezeka nyumba. Niliwakalisha wote wawili pamoja na meneja. Aliyepokea fedha hakukana. Alisema alidhani bei imepanda. Tulikubaliana kwamba aliyekosa fedha alipwe mara moja na chama, kwa kuwa kosa lilikuwa la chama na yeye hana sababu ya kusubiri, na chama kikate deni lake kwa mwenye bati katika misimu miwili. Wote watatu walitia saini mbele ya mashahidi. "Nang'olo," mwenye bati alimwambia mwenzake wakati wa kutoka, akimwita kwa heshima ya Kimakonde kwa kuwa amemzidi umri, "njoo basi uone nyumba uliyonijengea," na walikwenda pamoja.

Msimu wangu wa tatu ulipoanza, sakafu ya chumba cha ndani ilikuwa imesakafiwa upya na chama kilikuwa kimenunua mawe yake ya mizani. Siku ya kwanza ya kupima nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi pamoja na wakulima. Karani, kijana yuleyule, alifungua mlango, akawaita watu watano wa mwanzo kwenye foleni wasogee karibu waone kwa macho yao, akaweka jiwe la kilo 20 kwenye pembe moja ya mizani, kisha ya pili, ya tatu na ya nne. Ilisoma 20 kila mara. Akaandika tarehe na saa kwa chaki kwenye ubao ulio ukutani, akamwomba mmoja wao aweke jina lake hapo chini kama shahidi, ndipo akaita gunia la kwanza.